Nilitoka Mafunzoni Mikono Mitupu

Shikamoo mama,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 38, nasoma shahada ya uzamili huku nikiendelea na zamu. Utafiti wangu unauliza kwa nini wajawazito wengi katika wilaya ninayofanyia kazi huanza kliniki wakiwa wamechelewa. Mwezi uliopita maktaba ya chuo ilituita kwenye mafunzo ya kutafuta makala kwenye kanzidata na kutunza marejeleo. Tulikuwa zaidi ya sitini ukumbini, na mtandao ulikatika mara mbili. Mkutubi alipitisha slaidi mbiombio, akataja PubMed, Hinari, Zotero, Mendeley na mambo ya Boolean. Vijana wakawa wanatikisa vichwa kuonyesha wameelewa, nami nikatikisa changu kwa aibu. Niliporudi chumbani niliandika mada yangu yote kwenye PubMed, ikanijibu hakuna kitu. Nikaandika maneno mawili tu, ikaleta maelfu.

Kijana mmoja darasani akanitafutia orodha ya marejeleo kwa programu ya akili bandia, nikaiweka kwenye pendekezo langu la utafiti. Msimamizi amenirudishia. Ameandika pembeni kwamba mapitio ya maandiko ni membamba, na kwamba vyanzo vitatu amevitafuta hakuviona. Hapa jirani na chuo kuna steshenari yenye mtu anayepanga marejeleo kwa malipo. Nimlipe nimalize? Na je, naweza kurudi kwa yule mkutubi bila kuonekana kwamba sikuwa nasikiliza?

Mwanafunzi mtu mzima, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Nianze na maswali yako mawili ya mwisho, maana naona ndiyo yanayokunyima usingizi. Usimlipe mtu wa steshenari. Na kwa mkutubi rudi, tena wiki hii hii.

Mtu wa steshenari anajua kupanga nukta na mkato. Atakupa orodha iliyonyooka, herufi zimelala mahali pa kulala, lakini vile vyanzo vitatu visivyoonekana vitabaki humo humo, safari hii vimepigwa pasi. Yeye hajasoma ulichosoma wewe, hana namna ya kujua kipi ni cha kweli. Na kazi hii itakurudia: kwenye tasnifu, kwenye makala utakayoandika baada ya tasnifu, na siku utakapokuwa unamsimamia mwanafunzi wako mwenyewe. Utamlipa mara ngapi?

Tushughulikie kwanza vile vyanzo, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Programu za akili bandia huunda sentensi zinazofanana na zile zilizofunzwa nazo. Ukiziomba marejeleo zinaweza kukupa jina la mtafiti aliyepo kweli, jina la jarida lililopo kweli na mwaka unaoelekea kufaa, halafu kichwa cha makala ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Mwaka 2023 mawakili wawili jijini New York, katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca, walipeleka mahakamani hoja zenye kesi za namna hiyo ambazo hazikuwahi kuamuliwa popote. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Walikuwa watu wenye uzoefu wa miaka mingi, ila hawakufungua na kusoma.

Kwa hiyo chukua orodha nzima, usiishie kwenye vitatu alivyoviona msimamizi. Nakili kichwa cha kila makala, kifunge kwa alama za kunukuu, kitafute PubMed na Google Scholar. Kama kuna namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala, iandike baada ya doi.org/ uone inakupeleka wapi. Ikikupeleka kwenye makala nyingine au isikupeleke popote, futa. Ikikupeleka penyewe, bado hujamaliza: soma angalau ikisiri uone kama inasema kweli yale uliyoandika kwamba inasema. Kisha nenda kwa msimamizi umweleze orodha ilitoka wapi na umefanya nini kuisafisha. Najua ni jambo zito kumwambia mkubwa wako wa shule. Lakini yeye ameshaona dalili, na wewe kama muuguzi unajua tofauti ya mgonjwa anayesema alichokunywa na yule anayekuacha ubahatishe.

Sasa turudi ukumbini. Sitaki uamini kwamba akili yako imechelewa. Watu sitini, mtandao unaokatika na majina matano mapya kwa mkupuo, hapo hata mkutubi mgeni angetoka na kizunguzungu. Nimefanya kazi ya ukutubi zaidi ya miaka thelathini, nami nimesimama mbele ya kumbi kama hizo, nikamaliza slaidi zangu zote nikidhani nimefundisha. Kosa langu nililitambua kwa wale waliobaki nyuma. Aliyebaki akaniuliza jambo lake, karatasi yake mkononi, alirudi baada ya wiki na makala alizozipata. Walioondoka na slaidi zangu kwenye flashi sikuwaona tena. Wakutubi wenzangu mnaosoma ukurasa huu, nawasihi: punguzeni slaidi, mpeni kila mtu dakika kumi za kutafuta jambo lake mwenyewe nanyi mkiwa mmesimama karibu.

Kilichokosekana siku ile ni swali lako. Mgonjwa akikuambia "naumwa", huendi kabatini kuchukua dawa. Unamuuliza wapi, tangu lini, kunaanzaje. Kanzidata uliipa mada nzima ya mistari miwili, ikaenda kutafuta makala yenye maneno yote yale kwa pamoja, ikakosa. Ulipoipa maneno mawili mapana ikakuletea kila kilichomo. Mara zote mbili ilitii ulichoiambia.

Chukua karatasi, chora safu tatu. Swali lako lina mambo matatu tu: huduma ya kliniki ya wajawazito, kuchelewa kuianza, na Tanzania. Chini ya kila safu andika majina yote ambayo watu huliitia jambo hilo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kanzidata hizi ni za Kiingereza, maneno yatakuwa ya Kiingereza, na hapo ndipo wengi hunaswa. Sisi, kama Waingereza, huandika "antenatal care". Wamarekani huandika "prenatal care". PubMed ni mali ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na katika orodha yake ya istilahi rasmi, iitwayo MeSH, lililochaguliwa ni "prenatal care". Makala zinazopangwa kwa orodha hiyo hupewa istilahi ya orodha, hata kama mwandishi aliyeketi Mwanza aliandika "antenatal" mwanzo hadi mwisho. Ukiandika maneno yako PubMed bila alama za kunukuu, yenyewe hukutafsiria na kukutafutia pande zote mbili. Ukiyafunga kwa alama za kunukuu, inaacha kukutafsiria. Kwa kuwa si kila kanzidata itakufanyia hisani hiyo, andika majina yote mawili na usitegemee huruma ya mashine.

Safu ya pili ndiyo itakayokutesa. "Kuchelewa" kila mtafiti hulisema kwa mdomo wake: "late booking", "late initiation", "late attendance", "delayed", "timing", "first trimester". Kaa nayo. Soma ikisiri tano au sita za makala zinazokufaa, uone waandishi wanatumia maneno gani, uyaongeze kwenye safu. Hii ndiyo kazi yenyewe ya kutafuta, na hakuna slaidi inayoweza kukufanyia. Safu ya tatu ni nyepesi: Tanzania, na ukiona makala ni chache, ongeza Kenya, Uganda, Malawi na wengineo.

Kisha tunakuja kwenye Boolean iliyokutisha. Jina limetokana na George Boole, mwanahisabati wa Kiingereza aliyefariki 1864, na jambo lenyewe ni maneno matatu: AND, OR na NOT. Hapa kuna mtego kwetu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Ukimwambia mama ntilie "nipe chai na maandazi", neno "na" limekuongezea vitu mezani. Kwenye kanzidata AND inapunguza, kwa sababu makala lazima iwe na vyote viwili ndipo iletwe. Anayeongeza ni OR, yaani "au": makala ikiwa na hiki au kile, inakuja. Kwa hiyo ndani ya safu moja unaunganisha majina kwa OR, kwa kuwa yote ni jambo moja lenye majina mengi. Kati ya safu na safu unaunganisha kwa AND. NOT iache kwa sasa. Hutupa na makala nzuri zilizotaja neno usilolitaka mara moja tu.

Usiandike yote katika mstari mmoja mrefu. Tafuta safu ya kwanza peke yake, halafu ya pili, halafu ya tatu. Nenda kwenye ukurasa wa utafutaji wa kina wa PubMed, palipoandikwa Advanced. Chini utakuta historia ya ulichotafuta, kila mstari na namba yake na idadi ya makala. Hapo unaunganisha mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa AND. Uzuri wa njia hii ni kwamba unaona mahali palipoharibika. Jibu likiwa makala nne tu, rudi kwenye safu ya pili, karibu kila mara ndiyo iliyobana. Yakija maelfu, kuna safu uliyoiacha wazi kama mlango wa zizi.

Utasikia pia habari ya kinyota. Ukiandika pregnan* kinakuletea "pregnant", "pregnancy" na "pregnancies", kwa kuwa Kiingereza hubadilisha maneno yake mkiani. Ila siku utakayotafuta maandiko ya Kiswahili, kinyota kitakuangusha. Lugha yetu hugeuka kichwani: mjamzito, wajawazito, ujauzito. Hakuna mkia wa kukata hapo. Yaandike yote matatu, uyaunganishe kwa OR, na uongeze "mimba".

Kuhusu miaka, usichague "miaka mitano iliyopita" kwa sababu tu mwenzako amechagua. Chagua kwa sababu ya jambo lenyewe. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaotaka mjamzito akutane na mtoa huduma angalau mara nane, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12, wakati kabla ya hapo kipimo kilikuwa mahudhurio manne. Makala ya 2012 na ya 2019 zinaweza kutumia neno "kuchelewa" bila kumaanisha kitu kimoja. Ukiligundua hilo na kuliandika, msimamizi hatakuambia tena mapitio yako ni membamba.

Fungua daftari dogo. Kila ukikaa kutafuta andika tarehe, kanzidata, maneno uliyotumia na idadi ya makala zilizokuja. Sura yako ya mbinu itakutaka useme haya, na baada ya miezi minane hutakumbuka.

PubMed peke yake haitoshi. Si majarida yote ya Afrika yamo humo. Pita African Journals Online, iliyoanza 1998 na sasa ina makao yake Afrika Kusini, inayokusanya majarida yanayochapishwa barani kwetu. Ukishapata makala moja nzuri sana, ifuate pande mbili: nyuma kupitia marejeleo yake, na mbele kupitia Google Scholar, ambako chini ya kila makala utaona waliokuja kuinukuu baadaye. Na kuna vitu ambavyo ukivitafuta PubMed unapoteza bando bure, kwa mfano ripoti za utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu (DHS). Hizo ziko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu na ya mpango wa DHS. Utaona makala nyingi zikisema kwamba Tanzania ni asilimia 24 tu ya wanawake walioanza kliniki katika miezi mitatu ya mwanzo. Namba hiyo ni ya ripoti ya 2015-16. Fungua ripoti, usome jedwali kwa macho yako, uinukuu ripoti yenyewe, na uangalie ripoti ya 2022 inasemaje. Namba iliyopita mikono minne huchoka njiani.

Utakutana na makala iliyofungwa, ukurasa ukikudai dola thelathini na ushee. Usitoe hata senti. PubMed ni orodha ya makala pamoja na ikisiri zake. Makala kamili za bure nyingi ziko kwenye dada yake, PubMed Central. Majarida kama BMC Pregnancy and Childbirth hayana kufuli hata kidogo, na kwa mada yako yana mengi. Palipofungwa kweli, hapo ndipo Hinari inapoingia. Hinari ilianzishwa 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya afya bure au kwa bei ndogo. Haitolewi kwa mtu mmoja mmoja, taasisi ndiyo hujisajili. Jina la kuingilia na nywila viko kwa mkutubi wako. Nimeona wanafunzi wakihitimu bila kuwahi kuviomba, na hadi leo jambo hilo linaniuma. Ikishindikana hata huko, mwandikie mwandishi kwa anwani iliyopo kwenye ukurasa wa makala, kwa adabu na kwa ufupi. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu anataka kuwasoma.

Nimebakiza marejeleo, na hapa nina neno moja kwa mtu anayejaza rejesta za MTUHA, zile za taarifa za huduma za afya. Unajua kinachotokea mhudumu asipojaza wakati wa huduma, akasubiri mwisho wa mwezi. Anabuni. Marejeleo ni hivyo hivyo. Makala iandikishe siku unayoifungua, kabla hata ya kujua kama utaitumia.

Kati ya programu ulizotajiwa ningekushauri Zotero. Ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason kule Marekani mwaka 2006 na ni ya bure. Mendeley nayo ni nzuri. Ni ya kampuni ya Elsevier tangu 2013. Ninachopenda kwa Zotero ni kwamba kumbukumbu zako hukaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo umeme ukiwepo na bando lisipokuwepo bado unafanya kazi. Ukijisajili, orodha yako hutunzwa pia mtandaoni. Mafaili ya makala ndiyo yenye kikomo, megabaiti 300 za bure. Weka programu, weka kiunganishi chake kwenye kivinjari, na ukiwa PubMed bonyeza mara moja makala iingie yenyewe. Au nakili namba ya DOI, uiingize kwa kitufe chenye umbo la kifimbo. Ndani ya Word utaona kichupo cha Zotero: unapoandika unachomeka chanzo palepale, na orodha ya mwisho hujipanga. Chuo kikitaka mtindo wa APA na jarida likataka wa Vancouver, unabadilisha mtindo mara moja na karatasi nzima inafuata. Hiyo ndiyo kazi ambayo mtu wa steshenari angekutoza upya. Tangu 2019 Zotero pia hukuwekea alama kwenye makala zilizofutwa na majarida kwa makosa au udanganyifu.

Lakini ikague. Programu huingiza ilichokuta, na hukuta uchafu. Angalia hasa majina. Shirika la Afya Duniani huweza kugeuka mtu mwenye jina la ukoo "Organization" na herufi za mwanzo W na H, nami nimeliona hilo kwenye tasnifu zilizokwisha kufungwa jalada gumu. Ni lazima uiambie programu kwamba jina hilo ni kipande kimoja. Fanya hivyo kwa Wizara ya Afya pia. Kisha waangalie watafiti wetu. Mtu wa pwani mwenye majina matatu anaweza kuwa watu watatu katika orodha moja, kutegemea jarida lilimkata wapi. Hata mshairi Shaaban Robert nimemkuta chini ya S kwenye orodha moja na chini ya R kwenye nyingine. Fungua makala, uone mwenyewe ameandika jina lake vipi, umfuate.

Sasa kuhusu aibu. Mkutubi yule alikuwa na watu sitini mbele yake; hakumbuki nani alitikisa kichwa. Na kama ni mkutubi wa kweli, siku ukiingia na swali mkononi utakuwa umemfurahisha kuliko ukumbi wote ule. Usiende mchana wa wiki ya mitihani. Nenda asubuhi wanapofungua, au mtumie ujumbe umwombe nusu saa. Beba karatasi yenye safu tatu, daftari lako, orodha uliyoisafisha, na kompyuta ikiwa imeshawekewa Zotero, ili muda usiishe mkisubiri kupakua. Mwambie ulikuwepo kwenye mafunzo na hukuelewa. Mwombe nywila ya Hinari. Halafu mwombe akae pembeni yako, na kibodi akuachie wewe.